Baridi ya kipupwe haitokani na dunia kuwa mbali na jua: tuijadili Kusi, mawingu na sakitu

Mwanzisha uzi, Njombe

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa wiki moja sasa nimetumiwa mara nne ujumbe uleule, na waliouleta ni watu ninaowaheshimu. Unasema kwamba baridi ya mwaka huu itazidi kwa sababu dunia inasogea mbali na jua, kwamba siku za kawaida tuko kilometa 90,000,000 kutoka kwenye jua na sasa tutafika kilometa 152,000,000, yaani ongezeko la asilimia 66, na kwamba kwa hiyo tujiandae kwa mafua, kikohozi na kubanwa na kifua. Ujumbe huu huzunguka kila kipupwe kinapokaribia. Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na kila ninapoona watu wazima wakiusambaza kwa nia njema ya kuwaonya ndugu zao, naumia kuona kwamba maelezo ya kweli, ambayo yanavutia zaidi, hayawafikii.

Tuanze na hesabu yenyewe. Wastani wa umbali wetu na jua ni takriban kilometa milioni 149.6. Mwanzoni mwa Januari tunakuwa karibu zaidi, kama kilometa milioni 147, na mwanzoni mwa Julai tunakuwa mbali zaidi, kama milioni 152. Kwa hiyo tarakimu ya 152,000,000 ni sahihi, na uongo umefichwa katika ile ya kwanza, kwa kuwa dunia haijawahi kuwa na siku ya kawaida ya kilometa milioni 90. Sayari ya Zuhura huzunguka jua kwa umbali wa takriban kilometa milioni 108. Kama tungekuwa milioni 90, tungekuwa ndani ya njia ya Zuhura, na maji ya bahari zetu yasingebaki.

Tofauti ya kweli kati ya Januari na Julai ni kilometa milioni 5, kama asilimia 3 ya umbali wote. Sitaki kusema kwamba haina athari kabisa, kwa sababu mwanga wa jua unaoifikia dunia hupungua kwa takriban asilimia 7 kutoka Januari hadi Julai. Lakini tazameni ajabu hii: wastani wa joto la dunia nzima ni mkubwa zaidi mwezi Julai, tunapokuwa mbali na jua, kuliko Januari, na tofauti hiyo inazidi nyuzi joto 3. Sababu ni kwamba nusu ya kaskazini ina nchi kavu nyingi, na nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Kama umbali ndio ungekuwa unaamua, London ingetetemeka mwezi Julai pamoja na Njombe, na kila mtu anajua kwamba huo ndio wakati wao wa joto.

Kinachobadilisha majira ni mwinamo wa mhimili wa dunia, ambao ni takriban nyuzi 23.4. Karibu na tarehe 21 Juni jua la utosini huwa juu ya Tropiki ya Kansa, kaskazini kabisa kwetu. Simameni nje saa sita mchana hapa Njombe mwezi huu, mtaona kwamba vivuli vyenu vinaelekea kusini. Jua letu la mchana linapanda hadi nyuzi kama 57 tu kutoka upeo wa macho, ilhali mwezi Desemba hufika nyuzi 76. Miale inayokuja kwa kuinama husambaa juu ya eneo kubwa zaidi la ardhi, na mchana wenyewe unakuwa mfupi kwa takriban saa moja kuliko ule wa Desemba.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni upepo, nayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi. Wakati huu wa mwaka, katika Bahari ya Hindi ya kusini, karibu na visiwa vya Mascarene, yaani upande wa Mauritius na Réunion, eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa huimarika sana. Katika nusu yetu ya dunia, hewa huzunguka eneo la namna hiyo kinyume na mwendo wa mishale ya saa: upande wake wa mashariki hewa hupanda kuelekea kaskazini, kisha hukunja kuelekea magharibi, na kutufikia ikiwa upepo wa kusini mashariki. Huo ndio Kusi. Aidha, kila baridi kali inapopita Afrika Kusini, hewa nzito iliyo nyuma yake husukumwa kupitia Mlango wa Msumbiji hadi Malawi na nyanda zetu za juu kusini. Jirani zetu wa Malawi wana jina lao kwa upepo huo wenye ukungu na manyunyu, wanauita chiperoni, kutokana na mlima Chiperone ulioko Msumbiji. Baridi inayotupiga leo, kwa hiyo, imesafiri. Imetoka katika bahari za kusini ambako sasa hivi ni majira ya baridi yenyewe.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Nairobi

Mwalimu, asante sana kwa maelezo. Mimi nina jambo ambalo halijakaa sawa. Huku kwetu baridi ya Julai ni ya mchana. Jua linaweza lisionekane kuanzia asubuhi hadi saa nane, pengine hata siku tatu mfululizo, nguo zikakaa kwenye kamba bila kukauka. Lakini usiku, nikilinganisha, si tofauti sana na usiku wa Januari. Ndugu zangu walioko Mbeya wao wananiambia kinyume kabisa, kwamba mchana wanaota jua vizuri na usiku ndio unaowatesa. Ikiwa sababu ni moja, mbona baridi zenyewe ni mbili?

Mwanzisha uzi, Njombe

Ndugu yangu wa Nairobi, umegusa mahali ambapo hata vitabu vingi vya shule hupita haraka, kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo.

Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua lake la mchana liko takriban nyuzi 25 kutoka utosini kwa upande wa kaskazini, na mwezi Desemba liko takriban nyuzi 22 kutoka utosini kwa upande wa kusini. Hiyo ni karibu sawasawa, na urefu wa mchana hutofautiana kwa dakika chache tu. Maana yake ni kwamba hata ule mwinamo nilioueleza hapo juu hauwezi kuwa sababu kubwa ya baridi yenu. Wala mwinuko wenu wa takriban meta 1,700 hauelezi majira, kwa sababu mwinuko haubadiliki kati ya Januari na Julai. Mwinuko hueleza kwa nini Nairobi haina joto la Mombasa mwaka mzima, kwani hewa hupungua joto kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila meta 1,000 unazopanda.

Kinachobaki ni Kusi na mawingu yake. Upepo huo hufika pwani ukiwa umebeba unyevu wa bahari, kisha hulazimika kupanda polepole kuelekea nyanda za juu. Unapopanda hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu. Sasa, juu ya mawingu hayo kuna tabaka la hewa iliyo na joto zaidi kuliko hewa iliyo chini yake, na tabaka hilo hufanya kazi ya kifuniko cha chungu. Mawingu hayawezi kurefuka kwenda juu yakawa ya mvua kubwa, wala hayatawanyiki kwa urahisi, bali hutandaa kama shuka la kijivu. Shuka hilo hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na ndiyo maana mchana wenu haupati joto. Usiku ukifika, shuka hilohilo huzuia joto la ardhi lisipotee, na ndiyo maana usiku wenu haushuki sana.

Watu wa Arusha na Moshi wanaijua hali hii vizuri, kwani mwezi Julai Kilimanjaro inaweza kupotea machoni pao kwa siku nyingi. Lakini wapandao mlima husimulia kwamba ukishapita kimo fulani unatokeza juu ya mawingu, na huko jua linawaka huku mawingu yamelala chini yako kama bahari ya pamba. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba jua halijapungua nguvu, bali kuna kitu kimewekwa katikati yenu na lenyewe.

Mbeya, Njombe na Makete ziko kusini zaidi. Hewa inayotufikia mara nyingi ni kavu, anga linakuwa safi, tunaota jua mchana, na usiku hatuna shuka la kutufunika. Kwa hiyo ndugu zako hawajakosea, nawe hujakosea.

Mchangiaji, Kericho

Naomba kupinga kidogo, kwa heshima. Mimi ni mkulima wa chai. Baridi inayoua chai yetu haiji Julai kamwe. Inakuja wakati wa kiangazi, Desemba hadi Machi. Januari 2012 mashamba mengi ya Kericho, Nandi na Bomet yaliungua, majani yakageuka rangi ya kahawia kana kwamba moto umepita, na Kusi haikuwepo kabisa wakati huo. Mwalimu anasema baridi ni Kusi. Sisi tunaipata kukiwa na Kaskazi.

Mwanzisha uzi, Njombe

Ndugu wa Kericho, pingamizi lako ni zuri sana na linanilazimisha kutenganisha mambo mawili ambayo niliyachanganya. Baridi ya majira ni kitu kimoja, na sakitu, ambayo wengi wetu huiita barafu, ni kitu kingine.

Sakitu haihitaji upepo wa baridi kutoka mbali. Inahitaji usiku mrefu wenye anga safi, hewa kavu na utulivu. Ardhi na majani hutoa joto lao kuelekea angani usiku kucha, na pasipo mawingu ya kulirudisha, majani hupoa hadi maji yaliyomo yanaganda. Kericho iko karibu na Ikweta kama Nairobi, kwa hiyo miezi yenu ya hatari ni ile yenye anga safi, nayo ni Desemba hadi Machi. Julai mnalindwa na mawingu. Huku kwetu miezi yenye anga safi imeangukia palepale penye jua la chini, usiku mrefu na hewa ya Kusi iliyokwisha kupoa, na mambo yote manne yakikutana ndipo nyasi za Kitulo, ambako uwanda uko kwenye kimo cha takriban meta 2,600, hupambazuka zikiwa nyeupe.

Nakiri kwamba niliandika kana kwamba Kusi inaeleza kila kitu. Haielezi.

Mchangiaji, Makete

Shikamoo mwalimu. Nimefurahi umeigusa Kitulo kwa kuwa mimi ni jirani yake. Swali langu ni hili. Nina kipimajoto nimekitundika barazani. Wiki iliyopita alfajiri kilisoma nyuzi 4, nikalala nikijua viazi viko salama kwa sababu maji huganda kwenye sifuri. Nilipofika shambani, viazi vya bondeni vyote vilikuwa vimeungua, na vya juu mlimani havikuguswa. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba ukipanda juu baridi inaongezeka. Hapa imekuwaje bonde likawa na baridi kuliko mlima? Na je, kipimajoto changu ni kibovu?

Mwanzisha uzi, Njombe

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa hasara. Kipimajoto chako huenda ni kizima kabisa, ila kimekuambia habari za baraza, si za viazi.

Ukuta wa nyumba hutunza joto la mchana na kulitoa usiku, na paa la baraza huzuia joto hilo lisipande angani. Hata vituo vya hali ya hewa hupima hewa katika kimo cha kati ya meta 1 na 2 juu ya ardhi, ndani ya kijisanduku chenye kivuli. Jani la kiazi liko karibu na udongo na linatazama anga moja kwa moja, na katika usiku mtulivu linaweza kuwa na nyuzi 2 hadi 4 chini ya hewa ya kimo hicho, pengine na zaidi. Kwa hiyo nyuzi 4 barazani ni onyo tosha.

Kuhusu bonde, kanuni uliyofundishwa ni ya kweli kwa hewa iliyochanganyika, mchana au penye upepo. Usiku mtulivu mambo hugeuka. Hewa inayogusana na ardhi iliyopoa hupoa nayo, huwa nzito, na huteremka mlimani taratibu kama maji yanavyoteremka. Hujikusanya bondeni na kutuama. Ukisimama bondeni alfajiri ukaona moshi wa jikoni umelala kama tabaka badala ya kupanda, umeona mpaka wa bwawa hilo la hewa baridi. Aliye juu kidogo ya mpaka huo anavuna, na aliye chini yake anapoteza.

Hapa naomba nikuulize: upande wa chini wa shamba lako kuna nini? Kama kuna ua mnene wa miti au matete, ua huo unaizuia hewa baridi isitoke, kama vile ukuta unavyozuia maji ya bwawa. Wakulima wengi hupanda ua wakidhani wanakinga baridi, na kumbe wanaihifadhi.

Mambo mengine ambayo yanasaidia ni haya. Udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana kuliko udongo mkavu, kwa hiyo kumwagilia mchana kabla ya usiku unaotiliwa shaka kuna faida. Matandazo, ambayo tunayasifu kwa sababu nyingine nyingi, hulizuia joto la udongo lisipande kwenye majani wakati wa usiku, hivyo katika miezi hii yanaweza kuongeza madhara ya sakitu. Miche michache, kama ya parachichi, inaweza kufunikwa kwa turubai au nyasi kabla jua halijazama, wakati ardhi bado ina joto la kutunzwa, na kifuniko kisiguse majani. Na usiku wenye upepo usiwe na hofu sana, kwa kuwa upepo huchanganya hewa ya chini na ya juu na hauruhusu bwawa hilo kujikusanya.

Mchangiaji, Tanga

Sisi wa pwani hatuna sakitu, lakini Kusi tunaijua kabla ya watu wa bara. Wazee wetu wa baharini walihesabu mwaka kwa pepo: Kaskazi iliwaleta wafanyabiashara kutoka Uarabuni na India, Kusi ikawarudisha, na Kusi inapokaribia kuisha, bahari inapoanza kutulia, tunaita demani. Katikati ya Kusi, kama sasa, mawimbi ni makubwa na vyombo vidogo havitoki ovyo. Ninachotaka kuuliza ni kwa nini baridi haiwi kali zaidi tarehe 21 Juni yenyewe, ilhali mwalimu amesema ndipo jua linapokuwa mbali zaidi kaskazini. Sisi tunaona Julai, na maji ya bahari yenyewe huwa ya baridi zaidi hadi Agosti.

Mwanzisha uzi, Njombe

Umelijibu swali lako mwenyewe kwa kuitaja bahari. Maji huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza, kama chungu kikubwa kilichoepuliwa motoni. Baada ya tarehe 21 Juni jua linaanza kurudi kusini, lakini kwa wiki kadhaa bahari bado inapoteza joto kuliko inavyopokea, na Kusi inayovuma juu yake inazidi kuikoroga na kuipoza. Hewa inayotufikia huchukua tabia ya bahari iliyopita juu yake, ndiyo maana kipupwe hukomaa Julai.

Na kwa kuwa umetaja safari za majahazi, niongeze kwamba upepo huohuo hauishii kwetu. Ukishapita pwani yetu huvuka Ikweta, hupinda kuelekea kulia, na hukimbia mbele ya pwani ya Somalia ukiwa mkondo wenye nguvu kubwa kwenye kimo cha kama kilometa moja hadi moja na nusu juu ya bahari. Mwanasayansi John Findlater aliueleza kwa kina mwaka 1969, na hata leo wengine huuita kwa jina lake. Huo ndio unaobeba unyevu kwenda kuinyeshea India masika yake ya Juni hadi Septemba. Hewa inayotufanya tuvae makoti Njombe ni sehemu ya mwendo uleule unaojaza mashamba ya mpunga ng'ambo ya bahari, na mimi kila nikilifikiria jambo hili naona aibu kwamba tunaubadilisha mfumo mkubwa kiasi hicho kwa ujumbe wa mistari sita kuhusu asilimia 66.

Mchangiaji, Nairobi

Na yale mafua? Ujumbe unasema yanasababishwa na umbali wa jua.

Mwanzisha uzi, Njombe

Mafua husababishwa na virusi. Majira ya baridi huwasaidia kuenea kwa sababu tunajifungia ndani wengi pamoja, madirisha yakiwa yamefungwa. Hatari ambayo ujumbe ule hauitaji, nami naitaja kwa msisitizo, ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuihisi. Jiko libaki nje.

Mchangiaji, Makete

Mwalimu, nimerudi na majibu. Upande wa chini wa shamba kweli kuna ua wa matete, mnene, niliupanda mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Jana nilinunua kipimajoto cha pili nikakifunga kwenye kijiti, usawa wa majani ya viazi, bondeni. Leo alfajiri barazani ilikuwa nyuzi 5, na bondeni ilikuwa nyuzi 1 chini ya sifuri. Upepo ulikuwepo jioni, ukatulia kama saa nne usiku. Moshi wa jirani ulikuwa umelala usawa wa kiuno, kama ulivyosema.

Mchana huu nimeufyeka ua kwa upana wa hatua sita mahali bonde linapoteremkia, na nimemwagilia nusu ya shamba, nusu nyingine nimeiacha ili nilinganishe. Anga ni safi tena na upepo umekwisha kupungua. Nitaamka saa kumi na moja, na vipimo vya sehemu zote mbili nitaviandika hapahapa.